Hatimaye tumeanza kuhawilisha viinitete vya kondoo

Wafugaji wenzangu, wengi mmeniuliza inakuwaje kuhawilisha viinitete, yaani kuchukua mayai yaliyokwisha kurutubishwa kutoka kwa kondoo mmoja na kuyapandikiza kwa wengine, basi niwasimulie.

Kazi kubwa iko kwenye maandalizi. Kondoo mtoaji, yule mwenye sifa unazotaka kuzieneza, huwekewa sponji ya homoni ukeni kwa siku 12 hadi 14. Sponji inapokaribia kutolewa huanza sindano za kuchochea mayai, asubuhi na jioni, siku 3 au 4 mfululizo. Saa ni saa, nilitega kengele kwenye simu. Wapokeaji, yaani majike watakaopandikizwa viinitete hivyo, nao huandaliwa sambamba ili wote waingie kwenye joto (hamu ya kupandwa) pamoja. Wakipishana sana, mimba haishiki.

Siku ya 6 au 7 baada ya mtoaji kuingia kwenye joto na kupandishwa, viinitete hutolewa. Kwa ng'ombe mrija hupita kwenye mlango wa kizazi, lakini wa kondoo umejipindapinda mno, kwa hiyo daktari hupasua kidogo tumboni, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa. Daktari akaniita nichungulie kwenye hadubini: kiduara kidogo, chembechembe zimebanana ndani ya ganda angavu. Mwili ulinisisimka!

Jamani, msiwapuuze wapokeaji. Wengi huhangaika na mtoaji tu, wakati atakayebeba mimba karibu miezi 5 na kunyonyesha ni huyu mwingine. Mimi nilichagua majike waliokwisha kuzaa na kulea vizuri, wenye afya, wasiokonda wala kunenepeana.

Sasa tunasubiri altrasaundi. Mwenye swali aulize, nitajibu.