Hedifoni niliyoichagua kwa kwato za punda

Nimechoka kuambiwa "chukua yenye besi." Muuza duka aliniambia hivyo, binamu yangu akaniambia hivyo, na hata jamaa anayepiga mziki harusini, ambaye nilidhani masikio yake ni ya kutegemewa, akasema yayo hayo. Mara ya kwanza niliwasikiliza wote watatu, pesa zangu zikapotea. Mara ya pili sikumsikiliza mtu, na hedifoni niliyo nayo leo natumia kwa taarabu, filamu na gemu, na sijatamani nyingine.

Naishi Mkomani, mtaa wa mji wa Amu, yaani Lamu. Kuta zetu ni za mawe, nene, lakini kelele haikosi: mashine za boti pwani, adhana za misikiti kadhaa kwa pamoja, na punda anayeamua kulia saa nane za usiku. Chumba nalala na mdogo wangu, ambaye alfajiri lazima awahi chuoni. Spika siwezi kuwasha.

Ile ya kwanza ilikuwa ya Bluetooth, elfu nne na kitu, imenunuliwa Mombasa. Siku ya kwanza nilifurahi kweli, ngoma zilinigonga mpaka kifuani. Siku ya pili nikaweka kanda ya taarabu ya harusi ya baba, ambayo nimeihamishia kwenye laptopu. Udi ulisikika kama unapigwa chumba cha pili. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilizama kabisa. Dumbaki tu ndilo lililokuwa mbele, limejaa kila mahali. Nikaweka filamu, watu wakizungumza nikawa naongeza sauti ili nishike maneno, kisha mlipuko mmoja ukatokea nikaivua hedifoni kwa maumivu.

Lakini gemu ndiyo iliyonivunja moyo. Napiga risasi, naona moto wa bunduki, halafu ndipo mlio unafika. Kwa Bluetooth ya kawaida ucheleweshaji wa milisekunde 200 hivi si jambo la ajabu, yaani moja ya tano ya sekunde. Katika filamu huoni tatizo kwa sababu programu nyingi za video huchelewesha picha kidogo zikafuatana na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwani haijui utabonyeza nini na lini. Na nilipofungua maiki ili nizungumze na wenzangu, sauti yote ikageuka ya simu, nyembamba, imekufa. Nikadhani imeharibika. Kumbe ndivyo Bluetooth inavyofanya kwenye laptopu nyingi: maiki ikifunguka, hedifoni huhamia njia ya mazungumzo ya simu, na mziki hauna tena nafasi ya kutosha. Hakuna hata mmoja kati ya wale washauri watatu aliyenitajia hilo, na hadi leo linaniudhi.

Nilikaa miezi bila hedifoni, nikisoma na kuazima za watu. Nilichogundua ni hiki: udi, maneno ya waigizaji na hatua za adui kwenye gemu, vyote vinakaa sehemu moja, sauti ya kati. Besi ikizidi inavifunika vyote vitatu kwa mpigo. Kwa hiyo sikuwa natafuta hedifoni tatu, wala moja ya "kila kitu". Nilikuwa natafuta moja inayoheshimu sauti ya kati.

Rafiki mwenye studio Mombasa aliniazima yake ya omu 250, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Kwenye mashine zake ilikuwa tamu sana, kwenye simu yangu nikafungulia mwisho na bado ikanong'ona. Basi, kama huna amplifaya, angalia hiyo namba ya omu kabla ya kulipa, mimi sikupanda tena juu ya 80. Nilijaribu pia zile za mgongo wazi. Wallahi nilizipenda: sauti inapumua, na masikio hayatoki jasho hata wakati wa kaskazi. Lakini zinavujisha kila kitu nje, na mdogo wangu angelala na gemu yangu masikioni mwake.

Sasa niseme jambo ninalojivunia. Nilijiuliza, ni sauti gani ambayo masikio yangu yanajua inatoka upande gani bila mimi kufikiri? Jawabu likapita mlangoni limebeba mchanga. Vichochoro vyetu havipitiki kwa gari, mizigo ni ya punda, na tangu utotoni nikiwa kitandani husikia kwato nikajua kama punda anatoka pwani au anateremka kwenda.

Nikachukua simu yangu na ya mdogo wangu, nikazifunga kwa leso pande mbili za mto mdogo mgumu, upana wa kichwa cha mtu, maiki zikitazama nje. Mto nikauweka juu ya baraza ya daka. Nikawasha kurekodi kwenye simu zote mbili, nikapiga kofi moja kali mbele ya mto, nikanyamaza. Mama akatoka.

"Yeo umeshikwa na nini, mwanangu?"

Nikamwashiria anyamaze, naye akarudi ndani akicheka. Siku hiyo haikufaa, upepo wa kusi ulijaa kwenye maiki. Kesho yake nikazivika simu zote mbili soksi, nikangoja alasiri, punda wanapopita na saruji. Walipita watatu, na wa mwisho alikuwa akichechemea. Nikazipeleka rekodi mbili kwenye programu ya Audacity, nikazilinganisha kwa lile kofi, ambalo linaonekana kama mwiba kwenye kila moja, kisha moja nikaisukuma kushoto na nyingine kulia. Nilipozisikiliza pamoja nilikuwa nimekaa darini, lakini punda walinipita.

Nikaenda Mombasa na vipande vitatu kwenye simu: punda, kanda ya baba, na dakika mbili za filamu ambamo watu wawili wanazungumza mvua ikinyesha. Duka la kwanza kijana akanitolea hedifoni ya gemu yenye taa za rangi, akasema ina 7.1, maana yake spika saba na moja ya besi ndani. Nikamuuliza zimekaa wapi. Ndani mna spika mbili tu, moja kila sikio, hayo mengine ni hesabu ya programu. Akasema basi angalau spika zake ni za milimita 50, si 40. Ukubwa huo peke yake haukuambii kitu. Nikaivaa: punda wote watatu wakawa mnyama mmoja mkubwa katikati ya kichwa changu.

Duka la nne mwenyewe alikuwa mzee mpole. Nikamwambia, "Ami, nina rekodi zangu, naomba nisikilize kabla hatujazungumza bei." Akanivutia kiti. Akanipa Audio-Technica ATH-M40x, ya mwaka 2014, si mpya wala haina taa. Milimita 40, omu 35, mgongo umefungwa. Nikaweka kanda ya baba, kanuni ikarudi, kila uzi mahali pake. Kwenye mvua nikashika maneno yote bila kuongeza sauti. Nikaweka punda, na yule wa mwisho nikamsikia anavyoburuta mguu mmoja, akitoka kushoto, akipita, akiishia kulia. Nikamwambia ami nimemaliza kutafuta. Tulishindana bei kidogo, ikaishia elfu kumi na kitu, zaidi kidogo ya nilizokuwa nimepanga.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba waya unachomoka. Waya ndio hufa kwanza, na hapa unabadilisha waya tu. Zinakuja mbili, mmoja wa kujikunja na mmoja wa mita tatu, ule mrefu nimeufupisha kwa kuufunga na uzi wa kofia. Maiki haina, nikanunua ya kubana shatini, pamoja na adapta ya matawi mawili, mia chache tu. Sauti ya gemu haishuki tena nikizungumza.

Ngozi ya bandia ya ile ya kwanza ilibambuka kwa jasho na hewa ya bahari kabla ya mwaka. Safari hii mama amenishonea foronya za pamba nyembamba, kama za mto lakini za duara, nazivua kila Ijumaa zinafuliwa. Za kwanza alizishona nene mno, hedifoni haikukaa vizuri sikioni, besi ikapungua. Hizi za pili hazipunguzi kitu ninachokisikia.

Ile ya Bluetooth nilimpa binamu yangu, nahodha wa boti ya kuvuka kwenda Mokowe, bara. Anasikilizia taarifa ya habari akingoja abiria.