Nani Anampikia?

Jumamosi usiku, Chake Chake.

Mama mkwe kalala. Mapigo yake ya jioni nishayaandika daftarini: 84, yanakwenda ovyo ovyo, ndivyo yalivyo.

Watu wakisikia moyo wake unakwenda mbio hudhani ni presha. Si presha. Ile homa ya utotoni inayoanzia kwenye koo lisilotibiwa ilimharibia valvu ya moyo, na sasa vyumba vya juu vinatetemeka tu, havibani. Damu ikituama mle huganda, na bonge moja likipanda ubongoni ndiyo kiharusi. Kwa hivyo kila usiku anakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na kipimo chake cha INR, kile cha kuonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaganda. Kikizidi, anavuja.

Siku mama aliyoruhusiwa hospitali, aliyesimama mbele na faili ni shemeji yangu mkubwa, maana gari yake na pesa zake. Maelezo yote akapewa yeye. Mimi na wifi tuko nyuma kwenye benchi na kikapu cha vyombo. Akaja nesi mmoja mtu mzima, akamsikiliza shemeji akijibu "sawa, sawa", kisha akauliza: "Na nani anampikia?"

Shemeji akageuka kututizama.

"Basi njooni nyinyi."

Akazipandisha bangili za mama, akamshika wifi vidole viwili akaviweka kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. "Usitumie gumba lako, lina mapigo yake litakudanganya. Na usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4. Moyo huu unakimbia, unasita, unakimbia tena. Hesabu dakika nzima." Wifi akakosea, akarudia, akapatia. Ikizidi 110 naye kakaa tu, au ikishuka chini ya 50, tupige simu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, hapo hakuna simu, ni hospitali moja kwa moja.

Kwenye mboga ndiko tulikobishana naye. Majirani walishatwambia mama asiguse tena kisamvu, mchicha wala matembele. Nesi akasema ale, ila kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, maana dawa imepimwa kwa chakula chake. Kinachoharibu ni wiki nzima bila jani, halafu sufuria zima la kisamvu cha nazi.

Yote haya aliyasema mbele ya shemeji, na hilo nimelielewa baadaye. Ami alikuja kutoka Unguja, kwa mapenzi yake, na shauri la kumpeleka mama akaumikwe, atolewe damu chafu. Mtu anayekunywa warfarin, achanjwe mgongoni kwa wembe! Kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, hatukumkatalia, mama anakunywa na dawa zake anakunywa. Lakini kuumikwa? Wifi ni mtoto mbele ya ami yake, hapo zamani angeinama tu. Safari hii alisema, "Ami, nesi kakataza, na kaka alikuwepo." Shemeji akaitika. Ami akanung'unika, akaomba chai, yakaisha.

Mambo mengine ni madogo. Dawa za maumivu za dukani hatumpi bila kuuliza. Akisahau kidonge, kesho yake hapewi viwili. Ramadhani naona haitatusumbua kwa warfarin, ataimeza baada ya futari, ila kile kidonge chake kingine, cha asubuhi, lazima tukiulizie mapema.

Kinachonisumbua ni kwamba wifi hatoki. Harusi ya Wete kaikosa. Nimemwambia shemeji kuhesabu mapigo hakuhitaji mwanamke, akamtoa mwanawe, kijana wa skuli, ajifunze. Anahesabu vizuri kutushinda sote, bibi yake mwenyewe kamsifu. Ila kila jioni kabla hajaanza, anataka vocha.