Zabibu za juu ya kichwa

Mimi ni mtoto wa Dodoma, kwangu zabibu ni jua na vumbi. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha mavuno Cambados mwezi wa tisa, nilijiona mtaalamu. Msimamizi akanipa mkasi na kreti, kisha akanyoosha kidole juu. Zabibu zote zilikuwa juu ya kichwa changu, zinaning'inia kwenye kichanja.

Huku ni Rías Baixas, Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, ambako Atlantiki inaingia nchi kavu kwa mahori marefu. Mvua kwa mwaka ni milimita 1,600 hivi. Kwetu tunahangaika kuyatafuta maji, hawa wanahangaika kuyakimbia. Unyevu ukituama kwenye majani, kuvu inakula shamba. Ndiyo maana wazee wao waliinua mizabibu kwenye vichanja, upepo wa bahari upite chini na kukausha. Nguzo zenyewe ni za mawe ya graniti, maana mti ungeoza mapema. Hata udongo ni graniti iliyosagika, kichanga kinachopitisha maji haraka, mizizi isilowe.

Zabibu inayotamba hapa ni Albariño: punje ndogo, ganda gumu, inavumilia majimaji. Kuna nyingine, kama Loureiro, ambayo watu wa O Rosal, kusini karibu na mto Miño, hupenda kuichanganya nayo. Lakini hapa bonde la Salnés ukiitaja wanakutazama tu. Divai ya Albariño ni nyeupe, ina uchachu wa kama ndimu, halafu mwishoni inabaki ladha ya chumvichumvi. Wenyewe wanasema ni bahari. Mimi nasema ni jasho letu.

Jina la Rías Baixas, kama jina la divai, lilipata ulinzi wa kisheria mwaka 1988, ila sherehe ya Albariño hapa Cambados ni ya tangu 1953. Mashamba ni vipande vidogo vidogo, mengine yako nyuma ya nyumba tu.

Kukata si kazi. Kazi ni mikono kukaa juu. Umande wa asubuhi unateremka kwenye kiganja, unaingia ndani ya shati mpaka kwapani. Kufika saa sita mchana shingo imekaza kama ubao.

Jioni mama mwenye shamba alitupikia kome, akatumiminia divai ya mwaka jana. Nikataka kunyanyua glasi, bega likagoma. Ikabidi niinamishe kichwa, niifuate palepale mezani, na yule mama akacheka hadi akakaa chini.