Anaota Jua au Anaota Kioo?

Binti yangu alizaliwa mwezi wa Mei, tukaingia naye katika Juni na Julai, miezi ambayo baridi ya Nakuru hupenya hadi mifupani. Tunaishi ghorofa ya tatu. Kila asubuhi nilimlaza kando ya dirisha lililofungwa, nikaamini kwamba wajibu wangu wa jua umekwisha. Mama mkwe alipokuja kutoka Ahero kututembelea, alimtazama mjukuu wake aliyevikwa kofia ya sufu na kufunikwa blanketi mbili, kisha akaniuliza, "Mama Atieno, huyu anaota jua au anaota kioo?"

Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Vitamini D, inayoimarisha mifupa na kumkinga mtoto na matege, hutengenezwa ngozini inapopigwa na miale ya urujuanimno ya aina ya B, mwanga wa jua usioonekana kwa macho, na kioo cha dirisha huizuia karibu yote, ingawa joto hupita. Hata jua la saa moja asubuhi, ambalo tumerithi kuwa ndilo la mtoto mchanga, huwa chini mno angani, hivyo miale hiyo hupotea hewani kabla ya kutufikia. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, mtoto anapata joto zaidi kuliko vitamini. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa melanini, yaani rangi ya ngozi, huinyonya miale hiyo.

Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2008 kwamba mtoto anayenyonya apewe yuniti 400 za vitamini D (kwenye chupa huandikwa IU) kwa siku, tangu siku zake za kwanza. Mimi nilidhani matone ya kliniki yangetosha, hadi muuguzi aliponieleza kwamba yale yanayotolewa kuanzia miezi sita, kila baada ya miezi sita, ni ya vitamini A. Dawa ya vitamini D tuliinunua baada ya kumwona daktari. Soma chupa kwa makini: zipo ambazo tone moja tu ndilo yuniti 400, na nyingine ni mililita nzima, na kuzidisha siku baada ya siku hupandisha kalsiamu katika damu na kuweza kudhuru figo.

Matege, yaani miguu kupinda kwa mifupa kulainika, hayaletwi na upungufu wa vitamini D peke yake, kwani hata kalsiamu ikikosekana mifupa hulainika. Kwa hiyo, tangu Atieno alipoanza kula, uji wake wa wimbi hutiwa omena (dagaa) iliyosagwa pamoja na mifupa yake, ambayo nyanya yake hutuletea kutoka Kisumu, na siku nyingine hupata kiini cha yai.

Siku hizi, yapata saa tatu na nusu, tunashuka uani kwenye kamba za nguo, mikono na miguu yake ikiwa wazi, kwa dakika chache. Kofia ya sufu bado anavaa. Juu ya hilo, mama mkwe nami hatujaafikiana.