Hasheem Thabeet katika historia ya Connecticut

Kila ninapozungumza na vijana wa kikapu hapa Dar es Salaam kuhusu Hasheem Thabeet, mazungumzo hukimbilia NBA, kana kwamba habari zake zilianza Juni 2009, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies na kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Mimi naona miaka mitatu aliyoichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ndiyo inayostahili kusimuliwa kwanza, kwa sababu pale alirithi kazi ambayo timu hiyo inaithamini kuliko timu nyingi za vyuo Marekani, yaani kazi ya kulinda kikapu.

Connecticut inacheza mpira wa kikapu tangu 1901, lakini kwa miongo mingi jina lake halikuvuma mbali na mji wake mdogo wa Storrs. Mambo yalibadilika alipoajiriwa kocha Jim Calhoun mwaka 1986. Ray Allen alipita mikononi mwake bila kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo, ambao hatimaye ulipatikana 1999, Richard Hamilton na wenzake walipoifunga Duke pointi 77 kwa 74. Ubingwa wa pili ulikuja 2004. Nguzo ya kikosi kile ilikuwa Emeka Okafor, mtoto wa wazazi Wanigeria, aliyeondoka chuoni akiwa amepangua mitupo 441.

Thabeet alifika miaka miwili baadaye, kijana wa Makongo mwenye urefu wa mita 2.21, ambaye alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Naye alipangua mitupo 417, na akatajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo ambamo Connecticut ilicheza, mara mbili, 2008 na 2009. Hata hivyo, kazi yake kubwa haimo katika hesabu hizo. Ukitazama picha za mechi zake utamwona mshambuliaji amempita mtu wake, ameingia hadi karibu na kikapu, kisha anainua macho, anamwona Hasheem, na anaurudisha mpira nje. Hakuna karatasi ya takwimu inayoandika tukio la namna hiyo.

Tarehe 12 Machi 2009, katika robo fainali ya Big East jijini New York, Connecticut na Syracuse zilimaliza muda wa kawaida zikiwa 71 kwa 71, baada ya waamuzi kurudia picha na kuufuta mtupo wa Eric Devendorf wa Syracuse uliotoka mkononi mwake kwa kuchelewa kidogo sana. Vikafuata vipindi sita vya muda wa nyongeza. Syracuse ilishinda 127 kwa 117 saa saba na dakika 22 usiku wa kule, wakati Dar es Salaam ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi na watu wameshaingia kazini. Wiki chache baadaye Thabeet na wenzake walifika nusu fainali ya taifa, wakafungwa na Michigan State, naye akaondoka bila taji. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mataji mengine yalikuja baada yake. Mwaka 2011 Kemba Walker aliiongoza timu kushinda mechi tano ndani ya siku tano katika Big East, kisha sita za taifa, na katika fainali Butler ilifunga mitupo 12 tu kati ya 64. Shabazz Napier alileta ubingwa wa 2014. Chini ya kocha Dan Hurley, Connecticut ikatwaa ule wa 2023, Adama Sanogo wa Mali akiwa kinara, na ule wa 2024.

Katika safari hiyo ya 2024 kulikuwa na mechi dhidi ya Illinois. Matokeo yalikuwa 23 kwa 23, kisha Connecticut ikafunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa. Chini ya kikapu alisimama Donovan Clingan, mwenye urefu wa takriban mita 2.18, na wachezaji wa Illinois waliendelea kuingia, kuinua macho, na kutupa mpira juu mno ili umpite, kama walivyokuwa wakifanya wapinzani wa Hasheem.