Siku Moja Maishani Mwangu: Kurekodi "Ghost Rider" Mubashara Bila Kuusafisha

Mimi ni fundi sauti, na siku ninayoisimulia hapa ilikuwa na jukumu moja kubwa: kurekodi wimbo "Ghost Rider" wa kundi la Suicide ukirudiwa mubashara na watu wawili tu, mwimbaji na mpiga kinanda, mbele ya watazamaji, kisha kuutoa vile vile ulivyopigwa. Wimbo huu ni miongoni mwa misingi ya punk ya kielektroniki, na wanaoupenda huupenda kwa moyo wote. Mimi ni mmoja wao, na nina msimamo kuuhusu: ukali wake unatokana na uchache wa vilivyomo ndani yake, na uchache huo usipolindwa tangu asubuhi, kufikia usiku utakuwa umekwisha kujazwa na vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Saa tatu asubuhi nilikaa nyumbani na kuisikiliza rekodi ya asili kwa spika za kawaida, kwa sauti ya wastani. Ilitoka mwaka 1977, ikiwa wimbo wa kwanza kati ya saba katika albamu ya kwanza ya kundi hilo la New York, na inakwisha kabla dakika ya tatu haijafika. Alan Vega anaimba. Martin Rev anapiga ogani ya umeme juu ya mashine ya mdundo. Hakuna gitaa, hakuna besi, hakuna mpiga ngoma. Jina la wimbo ni la yule shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel anayeendesha pikipiki huku fuvu lake likiwaka moto, lakini muziki wenyewe hausimulii safari yoyote: noti chache za chini zinajirudia tangu mwanzo hadi mwisho bila kubadilika, na mwimbaji ndiye anayesogea, mara ananong'ona, mara anapayuka, mara anakaa kimya na kuuacha mtambo uendelee peke yake. Nilichokuwa nikikitafuta ni zile nafasi za kimya. Nilitaka kujua zina urefu gani, na ni nini kinachosikika ndani yake.

Nilisikiliza pia waliowahi kuurudia. Kundi la roki la R.E.M. waliupiga na kuutoa mwaka 1988 pamoja na wimbo wao "Orange Crush", na kundi jingine, Rollins Band, wakaupiga kwa ajili ya filamu The Crow ya mwaka 1994. Matoleo yote mawili yana nguvu, ila magitaa na ngoma vinaijaza ile nafasi niliyokuwa naitafuta. Aliyenifundisha zaidi ni mwimbaji wa roki wa Marekani Bruce Springsteen, ambaye mwaka 2005 alikuwa akifunga maonyesho yake kwa wimbo mwingine wa Suicide, "Dream Baby Dream", akiwa peke yake na ogani ya kupepea kwa miguu. Karibu kila kitu alikibadilisha, lakini alishikilia kujirudia, na kwa sababu hiyo wimbo ulibaki kuwa ule ule. Nikaandika kwenye daftari langu: tusiongeze chombo hata kimoja.

Saa tano nilifika ukumbini, nikashusha vifaa na kutandaza nyaya. Kazi hiyo haina mengi ya kusimulia, isipokuwa mvumo. Kinanda kilipochomekwa kwenye amplifaya, ukasikika ule mvumo mzito wa umeme wa hezi 50, unaotokea vifaa viwili vinapounganishwa kwenye athi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwa njia mbili tofauti. Wapo wanaoukata waya wa athi ili mvumo uishe, na hilo ni jambo la hatari ambalo sitalifanya kwa ajili ya wimbo wowote. Mwimbaji anashika maiki ya chuma, na siku athi ikikosekana ni mwili wake utakaobeba umeme. Nilitumia kisanduku chenye transfoma kati ya kinanda na mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, na mvumo ukaisha. Mchakacho wa amplifaya, ule wa "shhh" unaosikika wakati hakuna anayepiga, niliuacha, kwa kuwa huo ni sehemu ya chombo.

Saa nane mchana mpiga kinanda aliingia na mashine yake ya mdundo chini ya kwapa. Ni ya zamani, ya aina iliyotengenezwa ili kuwasindikiza wapiga ogani majumbani, yenye safu ya vitufe vilivyoandikwa majina ya dansi, na baadhi ya maandishi yamefutika kwa kushikwa. Haina namna ya kupanga mdundo wako mwenyewe. Unachagua dansi, unazungusha kitasa cha kasi, basi. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, midundo miwili inapanda juu ya mwenzake na kutoa kitu cha tatu ambacho waliotengeneza mashine hawakukikusudia, na huko ndiko kijana huyu alikoupata mdundo wake. Alinionyesha kwa kidole jinsi anavyokibonyeza kimoja hadi chini na kingine nusu tu, kisha akasubiri bila kusema neno hadi mdundo utulie.

Tatizo la mashine kama hizo ni kwamba kasi yake inaendeshwa na saketi inayoathiriwa na joto, hivyo mashine iliyowashwa sasa hivi haiendi sawa na iliyokaa ikiwaka tangu mchana. Ningeweza kuirekodi pembeni na kuinyoosha kwenye kompyuta. Nilichofanya ni kuiwasha mapema na kuiacha iwake hadi usiku, ili yule kijana aizoee kasi yake halisi. Sauti ya kinanda sikuichukua moja kwa moja kutoka kwenye waya pekee: nilisimamisha maiki mbele ya amplifaya, karibu kabisa na kitambaa cha spika, kando kidogo ya katikati ya koni, kwa sababu mkwaruzo unaosikika kwenye hewa una mwili ambao waya hauna.

Saa kumi alikuja mwimbaji, na hapo ndipo mchana wote ulipokuwa ukielekea. Aliimba ubeti mmoja, akasimama, akasema, "Kaka, ukiniwekea mwangwi mwingi nitajificha ndani yake. Nataka watu wajue niko wapi." Nilikubaliana naye. Vega aliipenda sana sauti ya Elvis Presley, na mwangwi unaoufaa wimbo huu ni ule mfupi wa pigo moja uliotumika kwenye rekodi za roki za miaka ya 1950: sauti inarudi mara moja tu, baada ya milisekunde 120 hivi, kisha inakufa. Kwa mwangwi huo neno linabaki neno, na mtu anasikika kana kwamba anaimba akiwa na kivuli chake. Mwangwi mrefu unaofanana na ule wa kanisa kubwa ungempeleka mbali na sisi.

Jambo la pili lilikuwa mkono wake. Anapopaza sauti hukifunika kichwa cha maiki kwa kiganja chote. Maiki ya jukwaani husikia zaidi kinachotoka mbele kwa sababu ya matundu yaliyo nyuma ya kichwa chake. Matundu yakizibwa, inaanza kusikia pande zote, pamoja na spika iliyo miguuni pa mwimbaji, na hapo unaanza mluzi, ile sauti kali inayotoka maiki inapoisikia spika yake yenyewe. Wakufunzi wengi wangemkataza. Mimi naamini ule mkono ni sehemu ya uimbaji wake, na sauti inayotoka ikiwa imebanwa kiganjani ina hasira ambayo huwezi kuipata kwa kitasa chochote. Kwa hiyo niliisogeza spika yake pembeni, nikaishusha, nikamwomba apaze sauti kama atakavyofanya usiku, tukarudia hadi mluzi ukawa unachungulia tu bila kuingia. "Sasa fanya utakavyo, dada," nikamwambia, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa kumi na mbili jioni nilitundika maiki mbili za ukumbi, mita 12 kutoka jukwaani, zikiwaelekea watazamaji. Hizi nazijali kuliko maiki nyingine zote. Tarehe 16 Juni 1978, Suicide walipiga Brussels, Ubelgiji, wakimtangulia mwimbaji Mwingereza Elvis Costello. Watu waliwazomea, mmoja akamnyang'anya Vega maiki, na onyesho likakatika. Lilirekodiwa kwa kaseti ya kawaida, na rekodi hiyo leo inasikilizwa kwa heshima, kwa kuwa unawasikia watu wa ukumbini kwa uwazi sawa na unavyowasikia wanamuziki. Muziki huu ni mabishano kati ya jukwaa na sakafu. Ukiwaondoa watu kwenye rekodi yake, umeondoa nusu ya mabishano.

Kabla ya milango kufunguliwa niliweka kipimo cha sauti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 katika kipindi cha dakika 15. Wapo wanaodhani kwamba muziki mkali lazima uumize masikio, na mimi napinga hilo kwa nguvu zangu zote. Kinachomshika msikilizaji katika "Ghost Rider" ni kutokuacha kwake, na kitu kisichoacha kinaweza kukutisha hata kikiwa chini.

Saa tatu na nusu usiku walipanda. Mashine ya mdundo ilianza peke yake, ikaendelea peke yake kwa muda mrefu kuliko tulivyofanya mchana, hadi mazungumzo ya ukumbini yakakatika yenyewe. Kisha kinanda kikaingia chini, na mwimbaji akasimama tu huku maiki ikiwa imeinamishwa. Alipoanza, hakupaza, aliongea. Ukelele wa kwanza ulikuja pale ambapo hakuna aliyeutarajia, kiganja kikiwa kimefunika maiki, na mluzi ukachungulia kwa nusu sekunde na kurudi. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitelezi cha maiki yake, kile cha kupandisha na kushusha sauti, muda wote, lakini sikukisogeza. Karibu na mwisho pumzi zilimwishia katikati ya neno, neno likabaki nusu, na mtu mmoja katika watazamaji akalimalizia kwa sauti.

Saa saba usiku nilikuwa mbele ya kompyuta. Maiki za ukumbi, kwa umbali ule, huchelewa kiasi cha milisekunde 35 nyuma ya zile za jukwaani, na kawaida fundi huzisogeza mbele ili zilingane. Nilijaribu, na mara moja ukumbi ukatoweka. Sauti ikawa safi, watu wakawa kama wamebandikwa ukutani. Nikazirudisha zilipokuwa. Nilipunguza mvumo wa chini kabisa chini ya hezi 30, nikashusha kidogo kilele kimoja cha kinanda kilichokuwa kinachoma, nikaacha mengine.

Mwimbaji alikuwa bado macho. Aliandika, "Kaka, pale nilipokosa pumzi umepatoa?" Nikamjibu kwamba pamebaki, pamoja na yule aliyelimalizia neno. Akaandika kwamba hapo ndipo alipokuwa akipaogopa, lakini pabaki. Nilihifadhi nakala kwenye diski mbili, nikaandika kwenye jina la faili kwamba hili ndilo toleo la kutolewa na lisiguswe tena, nikawatumia wote wawili.