Majina sawa, ukubwa sawa, picha imeharibika

Nina kibanda cha picha Ngamiani, Tanga. Harusi zote zinakaa kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje. Juzi bibi harusi mmoja kaja kufuata picha zake, nikafungua za kwenye diski: moja, nusu ya chini ni kijivu tupu. Aibu niliyoipata!

Skripti yangu ya Python, yaani programu fupi ya kukagua kama nakala zinalingana na za kwenye kompyuta, ilikuwa ikilinganisha majina tu kwa os.listdir, basi kila wiki inaniambia "sawa". Nikahamia filecmp, moduli ya Python ya kulinganisha faili. Nayo ikasema sawa. Nilihangaika mpaka adhana ya alasiri. Kumbe filecmp.cmp usipoiambia vingine haifungui faili: ukubwa na saa ya kubadilishwa vikilingana, imeridhika. Na mimi nilinakili kwa shutil.copy2, ambayo hubeba na tarehe ya asili.

Nikaongeza shallow=False. Hapo ikasoma yaliyomo yenyewe, ikatema faili tatu zisizolingana, DSC_0417.JPG ikiwamo. Mafolda ya ndani nayapitia kwa os.walk. Ni polepole, kahawa na kashata unamaliza bado inakwenda. Zile tatu nimezinakili upya, ila kwenye diski nyingine.